Niliwauliza Wageni Peke Yao

Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa wa Marangu, mkoa wa Kilimanjaro. Pamoja na kilimo, nina biashara ndogo ya kuwaongoza wageni kupanda Mlima Kilimanjaro. Nimeifanya biashara hii tangu mwaka 2009.

Leo nataka kuwaeleza jinsi kazi hii inavyokwenda. Pia nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mwaka 2012. Kosa hilo lilikaribia kumuua mtoto wa dada yangu. Sioni haya kulisimulia. Huenda wewe nawe una watu wanaokufanyia kazi, hata kama ni vibarua wawili wa kuvuna mahindi. Basi soma, uone kama kuna la kukufaa.

Kazi niliyorithi

Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya wageni kichwani, akipanda na kushuka mlima. Hakujua kusoma. Siku ya malipo aliweka dole gumba kwenye karatasi, akapokea alichopewa, akarudi nyumbani. Hakuweza kujua kama karatasi ile ilisema siku tano au siku nne.

Baadaye baba aliingia darasa la watu wazima. Akajifunza kuandika jina lake na kuhesabu siku zake za kazi. Tangu hapo alikuwa na kijidaftari katika mfuko wa shati. Alipenda kutuambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Mimi nilianza kubeba mwaka 1990. Nilibeba kwa miaka minane. Kisha nikawa msaidizi wa kiongozi, halafu kiongozi mwenye kibali cha hifadhi. Hairuhusiwi kupanda mlima huu bila kiongozi mwenye kibali. Na kila msafara lazima uandikishwe na kampuni yenye leseni. Kwa hiyo mwaka 2009 mimi na mke wangu tuliuza ng'ombe wawili. Tukakopa fedha nyingine katika chama cha akiba na mikopo. Tukafungua kampuni yetu.

Sisi wa Marangu tunajivunia kazi hii. Mwaka 1889 Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika kilele cha Kibo. Hapa kwetu anakumbukwa Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, kwamba ndiye aliyeongoza msafara ule. Lakini waliobeba chakula na mablanketi ya msafara ule ni wachache sana wanaotajwa. Nilikuwa nikiisikia habari hiyo tangu utoto. Sikufikiri kwamba na mimi nitafanya vilevile, yaani kuwasahau wanaobeba.

Njia ya Marangu

Nieleze kidogo njia yenyewe. Siku ya kwanza tunatoka langoni na kupita msituni hadi vibanda vya Mandara. Hapo ni mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili tunafika Horombo, mita 3,720. Msitu umekwisha, yamebaki majani na vichaka. Siku ya tatu tunavuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo. Tunalala kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi. Hapo hakuna maji. Wapagazi huyachota njiani na kuyabeba mpaka juu.

Usiku wa manane wageni huamshwa, wakanywa chai, wakaanza kupanda gizani kwa tochi. Wakijaliwa, asubuhi wanafika Uhuru, mita 5,895. Ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika Afrika. Kisha wanashuka hadi Horombo siku hiyohiyo. Kesho yake wanarudi langoni. Jumla ni siku tano. Ukiongeza siku moja ya kupumzika Horombo, ni siku sita.

Siku ile ya kupumzika si uvivu. Inaupa mwili nafasi ya kuizoea hewa ya juu. Ukiwa Tanga au Dar es Salaam, hewa ni nzito. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Ukifika Uhuru, pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo. Mtu akienda haraka anaumwa kichwa, anatapika, anakataa chakula na kukosa usingizi. Hali ikizidi, anayumba kama mlevi, au mapafu yake yanaingia maji. Hapo dawa kubwa ni moja: kumshusha mara moja. Akicheleweshwa anaweza kufa.

Nguvu za mwili si kinga ya ugonjwa huu. Ujana si kinga. Hata kuzaliwa Marangu si kinga, maana nyumba zetu ziko chini ya lango la hifadhi. Mtu anaweza kupanda mara kumi bila shida, akaugua safari ya kumi na moja.

Bei inaposhuka

Mlimani wapagazi tunawaita wagumu. Ni jina la heshima. Maana yake ni watu wanaostahimili. Lakini jina hilo lina hatari yake. Ukimwita mtu mgumu kila siku, mwisho unaamini kwamba haumwi.

Mwaka 2011 wageni wangu walikuwa wachache. Kampuni ni nyingi, na kila mmoja anataka mgeni huyohuyo. Nikaamua kupunguza bei. Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili ni la biashara yoyote. Ukipunguza bei, ada ya hifadhi haipungui. Mafuta ya gari hayapungui. Mchele na nyama havipungui. Basi kinachopungua ni nini? Ni posho ya mgumu, chakula cha mgumu, na ile siku ya kupumzika. Mgeni haoni upungufu huo. Anaona bei nzuri tu.

Mimi nilikuwa mpagazi, na baba yangu kabla yangu. Nilijua haya yote. Hata hivyo nilipokaa upande wa pili wa meza, niliyafanya.

Nilikuwa pia na kanuni moja niliyoirithi kwa waajiri wangu wa zamani. Mgumu akiugua na kushuka njiani, analipwa siku alizobeba tu. Niliiona ni haki. Nilisema, asiyebeba atalipwa nini?

Safari ya Februari

Februari 2012 nilipata wageni wanne kutoka Uholanzi. Walichagua siku tano kwa sababu niliwauzia siku tano. Tulikuwa viongozi wawili, mimi na msaidizi wangu, mpishi mmoja na wagumu tisa. Mmoja wa wagumu hao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa na umri wa miaka 20. Hiyo ilikuwa safari yake ya nne.

Kila jioni niliketi na wageni baada ya chakula. Niliwauliza mmoja mmoja. Kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Unakojoa vizuri? Nilikuwa na kifaa kidogo cha kubana kwenye kidole, kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Niliwapima wote wanne, nikaandika katika daftari. Kazi hiyo niliifanya vizuri, na wageni waliisifu.

Jioni ya pili, pale Horombo, nilipita karibu na jiko. Nikamsikia mpwa wangu akikohoa. Nikamwambia, "Umekula vumbi leo." Akacheka, akajibu, "Ni vumbi tu, mjomba." Nikaenda zangu. Kifaa kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa.

Siku ya tatu alibeba mzigo wake hadi Kibo, pamoja na dumu la maji. Alifika wa mwisho. Yeye huwa wa kwanza. Nililiona jambo hilo pia, nikadhani amechoka.

Usiku saa tano nilikuwa nawaandaa wageni. Mpishi akaja akanivuta pembeni. Akasema, "Kiongozi, njoo umtazame kijana. Anapumua vibaya."

Nilimkuta ameketi, ameegemea ukuta. Hakuweza kulala chali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilipoweka sikio mgongoni mwake, nilisikia sauti kama maji yanayochemka taratibu. Nikajua ni mapafu. Ndipo nikakitoa kile kifaa na kumbana kidole. Namba niliyoiona sikupata kuiona kwa mgeni yeyote.

Nilimwuliza, "Tangu lini?" Akasema kwa shida, "Tangu Horombo, mjomba."

Kuamua

Hapo ilinibidi kuamua. Wageni wanne walikuwa wamevaa, wamelipa, wamebakiza saa chache kufika kilele. Kama ningeshuka na kijana, angebaki msaidizi wangu peke yake. Kiongozi mmoja hawezi kuwapeleka watu wanne usiku. Mmoja akishindwa njiani, nani atashuka naye? Na kibali chetu kilikuwa cha siku tano, hakuna usiku mwingine.

Nitasema kweli. Wazo baya lilinipitia. Nilifikiri, niwape wagumu wengine wamshushe, mimi niende na wageni. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua dalili za hatari. Mimi sikuwahi kuwafundisha.

Nikaenda kwa wageni. Nikawaambia, "Mtu wetu mmoja ni mgonjwa sana. Nashuka naye sasa. Leo hatutapanda." Mmoja alikasirika sana. Alisema amelipa fedha nyingi na kwamba ninao wapagazi wa kutosha. Mwenzake, mama mtu mzima, hakusema neno. Alivua koti lake nene, akaenda kumfunika kijana.

Askari wa hifadhi walitupa machela yenye gurudumu moja. Wagumu wa makampuni mengine waliamka wenyewe kutusaidia, bila kuombwa. Mmoja alishika mbele, mwingine nyuma, wengine pembeni. Tulikwenda usiku ule kwenye upepo, tukipokezana. Kila baada ya hatua mia nilimwita kwa jina. Akiitika, tuliendelea. Mara mbili hakuitika upesi. Sitaki kuikumbuka sana hali ile.

Tulipofika Horombo kabla ya alfajiri, alianza kupumua vizuri kidogo. Hatukusimama. Tuliendelea kushuka hadi mahali gari linapofika, na mchana alikuwa hospitalini. Alilala huko siku sita. Mungu alitusaidia, akapona.

Swali la dada

Siku ya pili nilikwenda kumtazama. Nikamwuliza kwa nini alinificha. Akanijibu bila hasira, "Mjomba, ningesema, ungenishusha. Ningelipwa siku mbili. Nilitaka kumnunulia mama mabati ya jiko."

Basi nikafahamu. Aliyemziba mdomo kijana yule ni mimi, kwa kanuni yangu.

Dada yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kaka, wale Wazungu uliwauliza kila jioni kama wanaumwa. Mwanangu ulimwuliza?"

Sikuwa na jibu. Dada hakuniamkia kwa miezi mitatu.

Niliwarudishia wageni sehemu ya fedha zao. Ule mkopo wa chama ulinichukua miaka miwili zaidi kuumaliza. Mwaka ule wote nilipata misafara michache sana. Usiku nilikaa na mke wangu na lile daftari. Kurasa zote zilikuwa na majina ya wageni, bei na oksijeni yao. Majina ya wagumu yalikuwa ukurasa wa mwisho, pamoja na viazi na mafuta ya taa.

Tulivyobadilisha kazi

Tulikubaliana mambo matano. Nayaandika hapa kama tulivyoyaandika katika daftari.

Jambo la kwanza. Kila jioni anaulizwa kila mtu aliyepanda, awe mgeni, mpishi au mgumu. Maswali ni yaleyale, na kifaa ni kilekile. Majibu yanaandikwa. Wote wanavuta hewa moja.

Jambo la pili. Anayeugua anashuka na mtu wa kumsindikiza, na wote wawili wanalipwa safari nzima. Wengine walinionya kwamba watu watajifanya wagonjwa. Tangu mwaka 2012 sijamwona hata mmoja. Ninachokiona ni kwamba sasa wanasema mapema, wakati kikohozi bado ni kidogo.

Jambo la tatu. Hatuuzi tena safari ya siku tano. Mgeni anayeitaka namwambia aende kwingine. Wengine huenda. Wengi wao hurudi kwangu nikiwaeleza sababu.

Jambo la nne. Mizigo inapimwa kwenye mizani langoni, na mtu habebi zaidi ya kilo 20. Sheria hiyo ipo, lakini baadhi ya watu hupima langoni kisha huongeza mzigo mbele ya safari. Sisi tunapima tena Mandara kwa mizani ya mkono. Pia tunamkagua kila mtu kabla ya kuondoka: buti, soksi, sweta, koti la mvua, mfuko wa kulalia. Asiye navyo tunamwazima. Mlima haujali kwamba ulikuwa huna fedha za buti.

Jambo la tano. Kila mgumu anasaini malipo yake mwenyewe, baada ya kuyasoma. Karatasi inaonyesha siku, kiasi kwa siku, na bakshishi ya wageni iliyogawanywa mbele ya wote. Anayesoma polepole tunamsubiri. Hakuna anayewekewa dole gumba na kuharakishwa, kama alivyofanyiwa baba yangu.

Mambo hayo yalipandisha bei yetu. Sikuona njia nyingine. Lakini sasa mgeni akiniuliza kwa nini mimi ni ghali kuliko jirani, nafungua daftari na kumwonyesha fedha zinakokwenda. Bei inayoweza kuelezwa haimwonei mtu haya.

Hali ilivyo leo

Biashara yetu bado ni ndogo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea duniani, wageni karibu waliisha kabisa. Tulikula ndizi zetu na kuuza kahawa yetu. Kwa hiyo nawashauri vijana wanaotaka kazi ya wageni wasiliache shamba. Mgeni anaweza kukosa kuja, lakini mgomba uko nyuma ya nyumba.

Mpwa wangu hakurudi mlimani. Ni fundi pikipiki huko Himo, na kazi yake inamwendea vizuri. Jiko la mama yake limeezekwa kwa mabati. Mabati yale aliyanunua mwenyewe. Mimi nilitaka kuyanunua, dada akakataa.

Ndugu msomaji, wengi wanafikiri kazi ya kiongozi wa mlima ni kumfikisha mtu kileleni. Zamani nami nilifikiri hivyo. Sasa najua kazi yenyewe ni kuhesabu watu langoni tukitoka, na kuhesabu hesabu ileile tukirudi. Kilele hakihami. Mgeni aliyekikosa mwaka huu anaweza kuja mwaka mwingine. Aliyekufa haji.

Na wewe mwenye vibarua shambani, au vijana dukani, au msaidizi wa kazi nyumbani, itazame kanuni yako. Je, mtu wako akiugua leo, anaweza kukuambia bila kupoteza riziki yake? Kama hawezi, usidhani kwamba haumwi. Ananyamaza tu.

Dada yangu na mimi tunaamkiana sasa. Kila nikienda mlimani napita kwake kuaga. Hanitakii safari njema kama watu wengine. Ananiangalia usoni na kusema, "Kaka, usisahau kuwauliza." Nami nagusa mfuko wa shati langu, ambamo daftari linakaa, na kumwambia, "Sisahau, dada."